Sehemu C ikiwa tupu

Anayetaka kununua shamba huku Igembe hulipia serchi kwanza, na cheti kikitoka macho yake hukimbilia Sehemu C. Hapo ndipo huandikwa rehani ya benki, zuio la mahakama, deni. Pakiwa patupu, pesa zinatoka. Wakili mmoja wa Maua, mwenye kabati lililojaa kesi za mipaka na urithi, hugonga kalamu juu ya nafasi hiyo nyeupe na kumwambia mteja: "Mzee, hapa ndipo uogope."

Nilikuwa nimemwendea kwa habari za bei ya miraa. Niliondoka na hilo.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataja haki zinazoibana ardhi hata zisipoandikwa popote: amana za kimila, haki ya njia, haki ya maji. "Kuna watu wameteremkia maji ya Mboone kwa kona ya shamba unalonunua tangu taito haijajulikana huku," anasema. "Karatasi iko kimya. Njia haiko kimya. Nenda kesho alfajiri, simama kwenye ua, uone ni mitungi ya nani inapita." Wateja wengi hawaendi. Wanaona baridi ya Nyambene, wanasaini.

Hukumu anayoipenda ilizaliwa papa hapa, katika shamba la Njia/Kiegoi: kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, iliyofika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2018 majaji walisema amana ya kimila humfunga mwenye hati hata kama anayedai haishi kwenye ardhi hiyo. Nakala yake imekunjika pembeni kwa kufunguliwa. Nilipomtajia Oregon, Marekani, ambako mwaka 1969 mahakama ya juu ya jimbo ilimzuia mwenye nyumba ya wageni kuweka ua kwenye mchanga mkavu wa Cannon Beach, kwa kuwa watu walikuwa wakiutumia tangu jadi, alicheka. "Hawana wazee wa Njuri Ncheke, na bado wamefika tulipofika!"

Hawajafika pale pale, kwa maoni yangu. Ufuo wa Oregon ni wa yeyote apitaye. Amana ya Kiegoi inamtaka mdai awe wa familia au ukoo ule, na ardhi iwe ilikuwa yao kabla ya usajili. Mama aliyepanga chumba Maua, asiye na ukoo hapa, anachota maji kwa haki gani? Kwa haki ya njia, wakili anajibu, akipata wa kumshuhudia, na wazee waliokuwepo ardhi ikipimwa wanazidi kupungua.

Kuna jingine. Hukumu ile ilizungumzia mwenye hati aliye wa ukoo huohuo. Ukoo ukimuuzia mgeni wa Nairobi, je?

"Uliza mahakama," akasema, akiitia nakala kwenye droo. "Mimi nina mteja wa hivyo, na hatujasikizwa."