Kisabo Mlangoni

Picha pekee ya nyanya tuliyo nayo nyumbani ni ya kadi yake ya kura ya 2011. Ameketi mbele ya shuka jeupe, macho kayakaza kama mtu aliyeitwa kudaiwa. Alipofariki, kijana wa studio mjini Goma aliikuza, akaufuta muhuri uliompita shingoni, akamwekea maua pembeni. Hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza. Shangazi aliitazama kilio kizima, na siku ya mwisho akaniambia: "Huyu haiko mama. Mama hakukuwaka anaikala bure."

Kwetu Kongo kadi ya kura ndiyo kitambulisho, kwa hiyo huko kijijini kwetu Nyamitaba, juu ya milima ya Masisi, wazee wengi sura zao zimebaki kwenye kadi tu. Na hata hiyo si ya kila mtu. Mwaka 2023 vita vilikwamisha uandikishaji, na uchaguzi ulipofika Desemba, Masisi na jirani yake Rutshuru hazikupiga kura.

Si kwamba milima hiyo haijapigwa picha. Enzi za Wabelgiji shirika la serikali, Congopresse, lilizunguka koloni zima, na picha zake nyingi leo zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mara nyingi maelezo ya picha za zama zile hutaja kabila na kazi, jina la mtu hayataji: mwanamke fulani anatwanga, basi. Mwaka 2013 Mwairishi Richard Mosse alionyesha Venice kazi aliyoipiga mashariki mwa Kongo kwa filamu ya infraredi, ile ambayo majeshi yaliitumia kumfichua adui aliyejificha majanini. Majani mabichi hugeuka rangi ya waridi. Nilipoziona picha zake nilicheka kwanza, kisha nikajikuta natafuta migomba katika uwaridi ule. Mtu wa kijijini hata umpe picha ya ajabu namna gani, atauliza shamba limelimwa au halijalimwa.

Nyanya alizaliwa kwa Wahunde, akaolewa na mfugaji ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Rwanda katika uhamisho ule wa Wabelgiji ulioanza 1937 na kuendelea hadi 1955. Posa yake ilikuwa na maneno mengi. Kwa Wahunde mahari ni mbuzi, na mbuzi wana faida yao: kila mjomba huondoka na wake. Upande wa pili walikuwa na ng'ombe, na ng'ombe mmoja utamkataje? Mwishowe walitoa vyote, ng'ombe na mbuzi, na mitungi ya kasiksi juu. Wazee walikaa kwenye nyasi, kila mmoja na mrija wake wa tete, pombe ya ndizi ikawamalizia mabishano.

Kwa mumewe nyanya alijifunza kisabo. Ni kibuyu kikubwa chenye shingo, kinatiwa maziwa yaliyoganda, kisha mwanamke anaketi chini, anakipakata, anakisukasuka mbele na nyuma. Kukamua ilikuwa kazi ya wanaume, yeye hakugusa chuchu ya ng'ombe hata siku moja. Lakini siagi ilikuwa yake. Sauti ya kile kibuyu ndiyo iliyotuamsha tukiwa watoto: kwanza maji matupu, chubwi chubwi, kisha taratibu inakuwa nzito, na ikishakuwa nzito unajua chakula cha asubuhi hakiko mbali. Akimaliza alikisafisha na kukifukiza moshi, akakirudisha kwenye uruhimbi, kile kichanja cha ndani ambako vyombo vya maziwa hukaa mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Mimi mikono yangu ilichapwa kwa sababu hiyo.

Mwaka jana mpwa wangu alituletea picha iliyopigwa Nyamitaba na mpiga picha mmoja wa Goma. Mama anachambua maharagi kwenye ungo, mtoto yuko mgongoni ndani ya kikwembe, kidole cha mguu kimechungulia. Sisi sote tuliangalia uso wa yule mama: ni wa ukoo gani, mbona anafanana na wa kwa nani. Mpwa wangu alisifu mwanga.

Shangazi alivaa miwani. Aliufunika uso wa mama kwa kidole gumba, akaisogeza picha karibu na dirisha. Pembeni, kwenye ukuta wa udongo kando ya mlango, kulikuwa na kisabo kimetundikwa kwenye msumari, jua linakipiga, shingoni kimefanya ufa.

"Iko inje," alisema.

Mpwa wangu akamwambia ni pambo, watu siku hizi wanapenda pambo la zamani.

"Kisabo haikalake inje," akajibu, akaivua miwani. "Hapa ngombe zilikwisha."