Yahuma: nyuzi mbili zimebaki, noti tano za Kijapani zinatosha

Gita yake ndogo ni ya nyuzi nne, lakini zimebaki mbili tu. Kijana huyu wa korali mjini Yahuma, jimbo la Tshopo, aliinunua ukulele hiyo sokoni Kisangani. Nyuzi za sol na do zilikatika moja baada ya nyingine. Kupata nyingine ni kumuagiza mtu anayeenda mjini, kungoja boti, kisha kungoja pikipiki. Hapa kwetu mtu hajui kama atangoja wiki mbili au miezi miwili.

Wengine wangeitundika ukutani. Yeye alikuwa na video moja kwenye kadi ya simu, mtu akifundisha ngazi ya muziki ya Kijapani yenye noti tano. Aliirudia kila simu ilipopata moto, hadi akagundua kwamba noti zote tano zinakaa kwenye nyuzi zake mbili, mi na la.

Mwenye ukulele anaweza kujaribu. Piga uzi wa mi bila kuubana: mi. Bana kase ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza ya shingo: fa. Uzi wa la ukiwa wazi: la. Kase ya pili: si. Kase ya tatu: do. Basi. Wenye gita ya kawaida wanazipata pia bila kutembeza mkono: la kwenye uzi wa tatu kase ya pili, si kwenye uzi wa pili ukiwa wazi, do kase yake ya kwanza, halafu mi na fa kwenye uzi wa kwanza.

Mama yake aliposikia kwa mara ya kwanza aliuliza ni kilio cha nani. Hakukosea sana. Kutoka mi hadi fa ni nusu-toni, hatua fupi kuliko zote kwenye gita. Kisha unaruka toni mbili hadi la, unapanda toni moja hadi si, na hapo tena nusu-toni hadi do. Sauti mbili zinabanana, shimo linafuata, mbili nyingine zinabanana. Nyimbo zetu nyingi za korali pia zina nusu-toni, lakini imezungukwa na noti nyingine zinazoilainisha. Hapa imeachwa peke yake.

Wajapani wenyewe huiita ngazi hiyo "in", neno lenye maana ya upande wa kivuli. Mwaka 1895 mtaalamu Uehara Rokushiro aliitenganisha na "yo", ngazi ya noti tano isiyo na nusu-toni, aliyoihusisha na nyimbo za vijijini. Ile ya kivuli aliihusisha na muziki wa mjini. Lakini sauti hiyo ni ya zamani zaidi. Yatsuhashi Kengyo, mwanamuziki kipofu aliyefariki mwaka 1685, ndiye anayetajwa kuipa koto, kinanda cha nyuzi 13, ufungaji wa nyuzi wenye nusu-toni. Wimbo maarufu wa "Sakura Sakura" umejengwa juu ya noti hizi tano tu.

Japani si jina geni upande huu wa msitu. Huko Wamba, eneo la Djolu katika jimbo jirani la Tshuapa, watafiti wa Kijapani wanafuata bonobo tangu miaka ya 1970, kazi iliyoanzishwa na Takayoshi Kano. Wazee wanawajua Wajapani kwa daftari na darubini, si kwa nyimbo.

Na noti tano si mali ya Japani peke yake. Kaskazini, Bas-Uele na Haut-Uele, Wazande wana kundi, kinubi chenye nyuzi tano. Tofauti ni kwamba nyuzi zake hazifungwi kwa nusu-toni kama hizo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kijana wetu anasikia kitu anachokijua nusu tu.

Mwalimu wa korali hakupendezwa. Kwake, Jumapili si siku ya kuwakumbusha waumini makaburi. Walibishana, kisha wakakubaliana: si kwenye misa, ila kwenye matanga, usiku, wakati waimbaji wanapopumzika. Ameshapiga mara moja, kwenye kilio cha jirani. Anasema watu walinyamaza, na mzee mmoja akaomba arudie.

Sasa hofu yake ni uzi wa mi, unaolika pale kwenye kase ya kwanza, mahali pa fa. Amezilegeza nyuzi zote mbili kwa kiasi kimoja ili zisikatike. Sauti imeshuka, lakini hatua kati ya noti hazikubadilika. Nyuzi mpya ameshaagiza.