Masafa Yapi? Istilahi za Upimaji wa Sauti katika Matundu ya Uchorongaji

Hivi karibuni tuliletewa tuipitie tafsiri ya mwongozo mfupi wa mafundi, unaoeleza namna ya kuboresha vipimo vya sauti vichukuliwavyo ndani ya visima virefu. Mfasiri alikuwa ameifanya kazi yake kwa uangalifu, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, katika ukurasa wa tatu tulikutana na agizo kwamba penye mchanga laini fundi aongeze masafa. Tulilisoma mara mbili, kisha tukaulizana: masafa yapi?

Msomaji anajua kwamba neno hili lina kazi mbili. Msafiri hulitumia kwa maana ya umbali. Msikilizaji wa redio amelizoea katika masafa mafupi na masafa ya kati, na kutoka huko limeingia katika maandishi ya fizikia kwa maana ya idadi ya mitetemo inayotimia katika sekunde moja. Mara nyingi maana hizo mbili hazigombani, kwa kuwa hazikutani. Ndani ya tundu lililochorongwa zinakutana, tena katika sentensi moja, na fundi akichagua maana isiyokusudiwa atakuwa ametenda kinyume cha alichoambiwa.

Ili jambo hili lisibaki hewani, na tulipeleke Zegereni, Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Huko kumetengwa eneo la viwanda, na kiwanda hakiendi bila maji. Ardhi ya ukanda huo wa Kibaha na Kisarawe, kwa sehemu kubwa, ni mchanga na udongo wa mfinyanzi vilivyopandana tabaka juu ya tabaka. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vinajulikana tangu zamani kwa kaolini yake. Tabaka la mchanga hupitisha maji na udongo wa mfinyanzi huyazuia. Kwa hiyo mchorongaji hana budi kujua kila tabaka linaanza na kuishia kina gani, maana hapo ndipo atakapoamua aweke wapi bomba lenye chujio. Isitoshe, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, kazi hiyo ina vibali na taarifa zake, na Zegereni imo katika Bonde la Wami/Ruvu. Vipimo hivyo basi havisomwi na fundi peke yake. Hufika mezani kwa mtumishi wa umma ambaye hakuwapo vilipochukuliwa.

Chombo chenyewe ni mfano wa bildi ya baharia: huteremshwa kwa waya hadi chini, kisha hupima kikivutwa juu polepole. Kina kitoa mlio upande mmoja, na upande wa pili vipokezi viwili vilivyoachana, tuseme, sentimita 60. Tundu limejaa tope la uchorongaji. Mlio hukata tope, huingia ukutani, husafiri ndani ya mwamba sambamba na tundu, kisha hurudi kupitia tope hadi kwenye vipokezi. Kinachoandikwa ni tofauti ya muda baina ya kipokezi cha kwanza na cha pili. Tofauti hiyo ikiwa mikrosekunde 200, yaani sehemu 200 za milioni moja ya sekunde, mlio umekwenda kwa mwendo wa mita 3,000 kwa sekunde. Katika maji mwendo wake ni kiasi cha mita 1,500 tu.

Sasa fikiria mtu aliye shambani wakati wa masika. Akitaka kwenda kwa jirani wa nyumba ya tatu, hukatiza matopeni, naye hufika. Akitaka kwenda mbali, hutafuta kwanza barabara ya Morogoro. Kuifikia kutampotezea muda, lakini gari litamfidia. Mlio nao ndivyo ulivyo. Kipokezi kikiwa karibu mno na kitoa mlio, sauti ya kwanza kukifikia ni ile iliyokatiza topeni, nayo haituambii lolote juu ya mwamba. Kikiwa mbali, sauti iliyopita mwambani hutangulia. Na penye mchanga laini, ambako barabara yenyewe si nzuri sana, yapasa safari iwe ndefu zaidi ndipo barabara ilipe. Hii ndiyo sababu ya kuongeza umbali.

Kuongeza mitetemo huleta matokeo mengine kabisa. Mlio wenye mitetemo mingi kwa sekunde hufifia upesi katika mchanga laini. Kipokezi hulikosa wimbi la kwanza, likiwa limedhoofika, kikadaka linalofuata. Mafundi wetu wangeweza kuliita kosa hili kuruka wimbi. Muda unaoandikwa hurefuka ghafla, na mwenye kusoma mchoro atadhani ameona tabaka lenye nafasi nyingi za kukaa maji. Ataweka chujio hapo. Yawezekana hapo pana udongo mtupu, na fedha za watu zimekwisha kwenda chini pamoja na bomba. (Tuongeze kwamba upo mchanga uliolegea mno hata mlio hauendi mbio ndani yake kuliko topeni. Huko umbali wowote hausaidii. Wataalamu hupima ukinzani wa umeme au mionzi ya asili ya miamba.)

Je, tuseme nini badala ya masafa? Kwa umbali hakuna taabu: tuseme umbali. Kwa lile la pili, wengi wetu tulielekea kwenye neno marudio, ambalo si geni katika masomo ya fizikia. Lakini mwongozo wenyewe unaagiza, kwa haki kabisa, kwamba kipande cha tundu kipimwe mara mbili ili vipimo vilinganishwe, na mfasiri alikuwa ameliita zoezi hilo marudio. Tungeziba ufa mmoja na kufungua mwingine. Mwenzetu mmoja akapendekeza kima cha mitetemo. Wengine walicheka, kwa kuwa kima ni mnyama pia. Hilo halikututisha, maana hakuna fundi atakayemteremsha kima tunduni. Kilichotutisha ni kwamba ukurasa wa pili ulikuwa na kimo cha wimbi, na herufi moja ikimponyoka mpiga chapa mambo yanageuka. Tumekubaliana kwamba katika fani hii iandikwe idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa urefu wake wote. Masafa yabaki redioni, ambako hayajamdhuru mtu.

Maneno mengine mawili yanataka kuangaliwa. La kwanza ni kisima. Mwananchi wa Zegereni akisomewa mkutanoni kwamba kisima kitachimbwa karibu na mtaa wake, atatarajia maji, na atakuwa na haki ya kuyatarajia. Lakini matundu mengine huchorongwa ili kuchunguza miamba tu, au kutafuta gesi kama ile iliyopatikana Songo Songo mwaka 1974 na Mkuranga mwaka 2007, kisha hufukiwa. Tunashauri kwamba kinachochorongwa kiitwe tundu mpaka kithibitike kutoa kitu. Hapo ndipo kistahili jina la kisima. Kitenzi kuchoronga kimekwisha kukubalika katika shughuli za madini, wala hapana sababu ya kukiacha.

Neno la pili ni hafifu. Bomba la chuma likishavishwa tunduni, saruji humiminwa nyuma yake ili, pamoja na mambo mengine, maji ya chumvi ya tabaka moja yasishuke kuchafua maji matamu ya tabaka jingine. Saruji hiyo hukaguliwa kwa mlio. Gonga mtungi mtupu, kisha gonga uliojaa: ule mtupu ndio unaolia sana. Bomba lisiloshikwa na saruji hulia kwa nguvu, na lililoshikwa barabara mlio wake huwa mdogo. Mfasiri akiandika kwamba matokeo yalikuwa hafifu, ofisa aliyeko ofisini ataamuru kazi irudiwe, kumbe ni kazi iliyofanikiwa. Iandikwe nguvu ya mlio ni ndogo, na kwa hiyo saruji imeshika. Maneno yanaongezeka, lakini hatuoni njia ya mkato.

Kile kifaa chenye springi kinachokiweka chombo katikati ya tundu, mfasiri alikiita kitovu. Kitovu ni mahali, si kifaa, tumeweka kishikakati. Chombo kisipokaa katikati, mlio wa upande wa karibu hutangulia na wa upande wa mbali huchelewa, ikawa inapunguzana nguvu.

Kuhusu kuhakiki kipimo, tumeandika kupima upya, nasi tumelihifadhi agizo kama lilivyokuwa: kipande cha kiasi cha mita 60 kipimwe mara mbili na mistari miwili ilinganishwe. Chombo pia kisomwe ndani ya bomba la chuma ambalo halijashikwa na saruji, ambako muda wa safari ya mlio unajulikana, nao ni mikrosekunde 187 kwa kila mita. Kikisema vinginevyo, kirudishwe kwa fundi wake kabla ya kuulizwa habari za mchanga.

Agizo la ukurasa wa tatu sasa linasomeka hivi: penye mchanga laini, ongeza umbali kati ya kitoa mlio na vipokezi, bila kuongeza idadi ya mitetemo kwa sekunde. Limekuwa refu mara tatu kuliko la awali, na mfasiri alilalamika kidogo. Tumeliacha hivyo.