Uzito wa Trela Uende Wapi?

Mwaka 1959, Wally Byam, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 ya kuishi kutoka Cape Town. Yakivutwa na magari, yalipanda bara zima hadi Cairo. Huko Marekani matrela ya namna hiyo, yenye vitanda, jiko na choo, hujaa barabarani kila kiangazi. Anayepishana nayo huona nyumba na gari. Vyuma vilivyo katikati havioni, na usalama wa safari uko kwenye vyuma hivyo.

Trela la kilo 3,000 hutakiwa kuegemeza kwenye gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 300 hadi 450. Ukipungua hapo, trela huanza kuyumba kushoto na kulia likishika kasi, na dereva asiyejua anaweza kupindua vyote viwili. Basi mzigo huo lazima uwepo. Tatizo ni kwamba unakaa nyuma kabisa, kwenye tufe la chuma lililo karibu na bampa, na unainua pua ya gari.

Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita 3.6, na tufe liko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 400 zikitua pale, matairi ya mbele hupungukiwa na kilo 167 hivi, na ekseli ya nyuma huongezewa 567. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, breki za mbele hazishiki sawasawa, na usiku taa zinawamulika machoni wanaokuja.

Dawa yake ni nondo mbili za springi. Huchomekwa kwenye kichwa cha chuma kinachobeba tufe, zikapita chini ya shingo ya trela, moja kila upande, na ncha zake hunyanyuliwa kwa cheni. Zikikazwa, hurudisha sehemu ya uzito kwenye matairi ya mbele na nyingine kwenye ekseli za trela. Hakuna hata kilo moja inayopotea.

Wakati wa kufunga, dereva hurudi nyuma taratibu mpaka tufe likae chini ya kikombe cha shingo. Jeki ya shingo ikishushwa, kikombe hulifunika tufe. Komeo hufungwa na kutiwa pini. Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, maana wanataka kukaza nondo kwa nguvu za mikono. Jeki ipo! Ipandishwe tena, kikombe kikiwa kimeshafungwa, mpaka nyuma ya gari inyanyuke pamoja na shingo. Hapo cheni hukamatishwa kwa urahisi, na jeki ikishushwa nondo hupinda na kujikaza zenyewe.

Cheni za usalama hupishanishwa chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka ziidake kabla haijagonga lami. Waya wa breki ya dharura hufungwa peke yake kwenye gari: ukivutwa hung'oa pini, na betri ya trela hukamata breki zake. Kisha plagi ya umeme, na taa zikaguliwe.

Je, nondo zimekazwa vya kutosha? Utepe wa kupimia hujibu. Pima urefu kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la mbele kabla ya kufunga, kisha baada ya mzigo kutua, kisha nondo zikiwa zimekazwa. Watengenezaji wengi wa magari hutaka angalau nusu ya kimo kilichoongezeka irudi chini.

Kufungua kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nondo zilizokazwa zimebana nguvu kubwa mno. Matairi ya trela huwekewa kabari kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Halafu jeki hupandishwa huku kikombe bado kimefungwa, mpaka cheni zilegee kabisa. Anayefungua cheni kwa mtalimbo wakati ingali imekaza, mtalimbo huo unaweza kuruka na kumvunja mkono au taya. Nondo zikishatoka, shingo hushushwa, komeo hufunguliwa, plagi, cheni za usalama na waya wa dharura hutolewa, na jeki huinua kikombe juu ya tufe.

Msomaji uliyeko Marekani au Kanada unayepanga kukodi trela kiangazi hiki, usiondoke uwanjani kwa mwenye trela kabla hujafunga na kufungua mwenyewe, naye amesimama pembeni akikutazama.