Bakuli la Kilo Moja na Nusu

Chukua pande la jiwe la Kisii lililokatwa mviringo, upana sentimita 20, kimo sentimita 10. Kila sentimita ya ujazo ya jiwe hili ina uzito wa gramu 2.7 hivi, kwa hiyo pande zima ni kama kilo 8 na nusu. Sasa litoe ndani yake bakuli la nusu tufe, ukuta wake unene wa sentimita moja. Kinachobaki mkononi ni kilo 1 na nusu. Kilo 7 zimekuwa vipande na unga mweupe kwenye nywele za mchongaji, kwenye majani ya migomba, na kifuani mwake pia kama hakujifunga kitambaa puani.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza mengi kuhusu Tabaka, Mugirango Kusini, kilomita kama 25 kutoka mjini Kisii. Jiwe linapandishwa kutoka machimboni kwa mabega, kwa mkokoteni au kwa bodaboda. Nauli inalipiwa kilo 8 na nusu, mnunuzi anaondoka na 1 na nusu. Aliyeshika panga na tezo kwa kawaida ni mwanamume. Anayekaa mbele ya karai la maji akipiga msasa, akiosha na kupaka nta hadi jiwe ling'ae, mara nyingi ni mwanamke. Lebo ya bei haiwataji wote wawili.

Sanaa yenyewe ni ya zamani kuliko watalii. Wagusii walichonga viko na mabao ya mchezo wa bao kwa jiwe hili, na unga wake ulipakwa mwilini kama pambo. Biashara ya vinyago vya viboko, sahani za matunda na seti za sataranji ilikuja baadaye, na ilikuja na kipimo chake: kontena. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi, lakini mzigo wake hauzidi tani 28 au karibu na hapo. Ukilijaza jiwe tupu utafika kikomo cha uzito kwenye mita za ujazo 10 na ushei. Zaidi ya theluthi mbili ya sanduku ni hewa. Meli inapakia tani, macho ya mteja yanapima ukubwa. Ndiyo maana kinachosafiri vizuri ni kidogo na chembamba, kile cha kufungwa kwenye gazeti na kupangwa kwa dazeni. Mchongaji mwenye wazo la tani mbili ana shida ya kulisafirisha kabla hajapata shida ya kulichonga.

Wapo waliovuka kikwazo hicho. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyepitia Makerere, ana sanamu yake ya ndege katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na mwaka 2014 alikuwa Washington kwenye tamasha la Smithsonian akichonga mbele ya umma. Mtoto wa Tabaka anayetaka kuiona sanamu hiyo ya mtu wa kijijini kwao anahitaji pasipoti. Maduka ya kando ya barabara yana mawe tele, lakini duka ni duka: kitu kizuri kikipata mteja leo, kesho rafu iko wazi, na kijana anayejifunza hana cha kukitazama mara ya pili.

Basi jumba la umma la kuhifadhi kazi kama hizo lingegharimu nini? Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeyaweka majumba ya makumbusho na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali hili ni la Kisii na Nyamira kabla halijawa la Nairobi. Tukadirie jengo la kawaida, ukumbi wa mita 20 kwa 10. Tuseme kila mita ya mraba inajengwa kwa shilingi 50,000. Jumla ni milioni 10.

Hapa jiwe lina upande wake wa huruma. Michoro ya rangi inadai mitambo ya kudhibiti joto na unyevu. Jiwe la Kisii halijali sana mvua za Gusii. Linachokidai ni ardhi. Sakafu ya ghorofani kwenye jumba la maonyesho husanifiwa kubeba kilo 400 au 500 kwa kila mita ya mraba. Jiwe la mita moja kila upande lina tani 2.7. Lazima likae chini, juu ya zege lililomwagwa kwenye udongo, na mlango uwe mpana wa kupitisha toroli la kunyanyulia mizigo. Mhandisi akileta ramani ya ghorofa tatu zenye vioo, aulizwe kwanza sanamu zitapanda kwa njia gani.

Milioni 10 ndiyo sehemu rahisi. Itapata kibao, utepe na mkasi. Wafanyakazi watano kwa wastani wa shilingi 40,000 kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Weka milioni moja ya ulinzi wa usiku, stima, maji na bima. Weka 600,000 za kununua kazi 12 kila mwaka, wastani wa 50,000 kwa kazi, kwa sababu jumba lisilonunua ni stoo yenye taa. Jumla milioni 4. Kwa miaka 20 ni milioni 80, mara nane ya jengo lenyewe, na bajeti ya miaka hiyo haina utepe wa kukata.

Kiingilio hakitaziba pengo hilo. Kwa shilingi 50 kwa mtu mzima, wanafunzi bure, milioni 4 zinataka wageni 80,000 wanaolipa kwa mwaka, yaani zaidi ya 250 kila siku kwa siku sita za wiki. Hata wakija 10,000, jambo la kujivunia, zitapatikana 500,000, moja ya nane ya gharama. Anayeahidi bungeni kwamba jumba "litajilipia" hajakaa chini na kalamu.

Lakini zigawe milioni 4 hizo kwa watu. Sensa ya 2019 iliikuta Kisii na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kaunti mbili zikishirikiana, kila mkazi anabeba shilingi 2 na senti 14 kwa mwaka. Mgao wa serikali kuu mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban bilioni 8.9 kwa Kisii na bilioni 5.1 kwa Nyamira. Milioni 4 ni chini ya senti 3 katika kila shilingi 100 za mgao huo. Fedha si kikwazo. Kinachonitia wasiwasi ni mwaka wa sita, gavana mpya akikuta jumba la mtangulizi wake na kulipuuza.

Nchi hii imewahi kuiona hadithi hiyo. Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966, aliiuzia serikali mkusanyiko wake mkubwa wa sanaa pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Sehemu ya mkusanyiko leo inaonekana kwenye Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery. Nyumba haikudumu.

Na tuseme Kisii ikafanikiwa. Kazi 12 kwa mwaka kwa miaka 20 ni kazi 240 kwenye mita za mraba 200, kabla hujaacha njia ya kupita. Ukumbi utajaa mapema zaidi ya hapo, na mtu atasimama kati ya rafu na bakuli la kilo 1 na nusu mkononi, akitafuta pa kuliweka.