Nani Asema Maneno Haya?

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule mjini Musoma, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare, akaiita "Julius Caezar". Mwaka 1969 ikatoka tena, imesahihishwa, nayo yaitwa "Juliasi Kaizari". Mfasiri mmoja, kazi moja, matoleo mawili. Basi mwanafunzi akiulizwa Mwalimu aliandika nini, yampasa kwanza aulize: katika toleo lipi?

Swali hilo ni kongwe kuliko Shakespeare. Tanzia, yaani michezo ya majonzi, ilistawi Athens, Ugiriki, yapata miaka 2,500 iliyopita. Sophocles alitunga michezo zaidi ya 100. Iliyotufikia mizima ni 7 tu, wala hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wake. Tulizo nazo ni nakala za nakala, na kila mwenye kunakili aliweza kuruka neno, au kulibadili asilolielewa.

Tutoe mfano. Katika "Antigone", binti huyo ahukumiwa kufa kwa kumzika ndugu yake. Mchumba wake ni Haemon, mwana wa mfalme aliyemhukumu. Katikati ya mabishano sauti moja yamwita Haemon kwa mapenzi, ikilalamika kwamba babaye amvunjia heshima. Ni sauti ya nani? Nakala za mkono zasema ni Ismene, dada wa Antigone. Kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1502 chasema ni Antigone mwenyewe. Katika nakala za kale mabadiliko ya msemaji yalionyeshwa mara nyingi kwa kistari tu, bila jina. Kwa hiyo kosa lingeweza kuingia mapema. Ikiwa ni Antigone, twausikia moyo wa mpenzi. Ikiwa ni Ismene, Antigone afa bila kumtaja mchumba wake hata mara moja. Mpaka leo wataalamu hawajapatana.

Kila mfasiri hana budi kuchagua, naye S. S. Mushi, aliyetupa "Mfalme Edipode" ya Sophocles kwa Kiswahili mwaka 1971, hakuwa na njia nyingine.

Walimu wa Musoma, Bunda na Butiama, yawekeni mezani matoleo mawili ya Kaizari. Vijana wayalinganishe mstari kwa mstari, waulize Mwalimu alibadili nini, na kwa nini. Na lile la zamani lisitupwe kwa kuwa jipya limepatikana. Likipotea, swali lenyewe limepotea.