Taa ya kukagulia noti na hadubini ya kifua kikuu: kazi ni ileile

KIGALI – Mfanyabiashara anayeingia soko la Kimironko na shilingi za Uganda au Tanzania mfukoni anaijua ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia fedha. Ikimulikwa juu ya noti halali, karatasi hubaki giza, lakini nyuzi na alama zilizofichwa huwaka. Noti bandia iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida hufanya kinyume: karatasi nzima hung'aa weupe wa bluu, kwa sababu karatasi za ofisini hutiwa kemikali ya kung'arisha kama ile iliyomo kwenye sabuni za unga.

Maabara za afya hutumia kanuni hiyohiyo kutafuta bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi. Kwa mtu anayeshinda ndani ya mabasi yaliyofungwa madirisha na kulala nyumba za wageni kati ya Kampala, Kigali na Bukavu, jambo hili si la wataalamu peke yao.

Vitu vingi vikipigwa na mwanga huurudisha kama ulivyokuja. Vichache huumeza, hukaa nao kwa muda mfupi mno, kisha hutoa mwanga wa rangi nyingine. Ni kama kubadilisha fedha: unaingia na noti za nchi moja, unatoka na za nchi nyingine, na kamisheni inabaki dukani. Hapa kamisheni ni nguvu inayopotea kama joto. Ndiyo maana mwanga unaotoka huwa na nguvu pungufu: ukiingia urujuanimno, ambao jicho halioni, hutoka bluu, ukiingia bluu, hutoka kijani au njano. Mwanasayansi George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852 na kuliita fluoresensi.

Hadubini ya fluoresensi imejengwa juu ya tofauti hiyo ya rangi. Chujio la kwanza huruhusu mwanga wa bluu tu. Kioo maalumu huuelekeza chini kwenye sampuli, na mwanga unaporudi juu, chujio la pili huzuia bluu yote na kupitisha njano na kijani peke yake. Kinacholifikia jicho ni kile tu kilichobadilisha rangi. Kila kitu kingine ni giza. Kitu kidogo kinachowaka gizani hakihitaji kukuzwa sana ili kionekane, kama vile sigara ya mlinzi inavyoonekana usiku kutoka mbali.

Bakteria wa kifua kikuu hawawaki vya kutosha wenyewe, hivyo hupakwa rangi iitwayo auramini. Ngozi yao ina mafuta mazito kama nta. Rangi ikishaingia haitoki, hata sampuli ikioshwa kwa asidi na spiriti, ilhali seli nyingine na bakteria wengi wa kawaida huipoteza. Kisha hutiwa pamanganeti ili kufifisha mandharinyuma. Mtaalamu akichungulia huona vijiti vyembamba vya njano kwenye uwanja mweusi.

Njia ya zamani, ya kupaka bakteria rangi nyekundu, huhitaji kukuza mara 1,000 na kutembeza jicho sehemu moja baada ya nyingine. Hii mpya hufanya kazi kwa mara 200 hadi 400, kwa hiyo jicho huona eneo kubwa zaidi kwa mkupuo mmoja, na sampuli iliyokuwa ikimchukua mtaalamu dakika kadhaa humalizika mapema zaidi. Kikwazo kilikuwa taa za zebaki: ghali, zinazochoka baada ya saa mia chache, na zinazotaka chumba cha giza. Taa za LED, ndugu wa zile za tochi za sokoni, ziliondoa tatizo hilo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza zitumike.

Ukanda huu nao ulikuwa umeshaanza kujipanga. Mwaka 2010, Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuunganisha maabara za afya za Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, na Burundi ikajiunga baadaye. Kifua kikuu kilikuwa lengo kuu, na maabara zilizo karibu na mipaka zilipewa uzito. Huu ni mtangamano usiotangazwa sana kama ushuru wa forodha, lakini una faida ileile kwa anayevuka Gatuna au Rusumo kila wiki.

Hadubini hii nayo ina mipaka yake. Makohozi yanahitaji kuwa na bakteria wapatao 10,000 kwa kila mililita ndipo waonekane kwa uhakika, hivyo jibu la "hakuna" si cheti cha uzima. Takataka nyingine nazo huwaka, na ni jicho lililofundishwa linalotofautisha kijiti na uchafu. Rangi yenyewe hufifia ikiachwa kwenye mwanga, kwa hiyo sampuli iliyosahauliwa mezani inaweza kutoa jibu la uongo. Siku hizi vipimo vya vinasaba hutangulia sehemu nyingi kwa kuwa hugundua hata bakteria wachache. Lakini vinaweza kuhesabu na waliokwisha kufa, hivyo hadubini imebaki kuwa chombo cha kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

Nchini Rwanda vipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure. Anayekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa. Dozi ya kawaida ni miezi 6, muda ambao mfanyabiashara huvuka mpaka mara nyingi, na akikatiza dawa njiani ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Kabla ya safari ndefu, aombe kituo chake barua ya uhamisho inayotaja dawa, tarehe aliyoanza na majibu ya makohozi, ili kituo cha upande wa pili kiendelee pale alipoishia.